Nairobi–New York: Saa Saba za Nani?

Hebu nielezeni, nani aliwaruhusu watu kutoa 23:25 kwenye 06:25? Tiketi ya ndege ya moja kwa moja Nairobi–New York ikionyesha saa hizo, ya kuondoka na ya kufika, ukoo mzima unahesabu kwa vidole na kutangaza kwenye grupu la WhatsApp: "Saa saba tu! Basi la Mombasa linachelewa zaidi!"

Jamani, hizo ni saa za miji miwili! Wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Saba jumlisha nane, kumi na tano. Magoti yamebana kiti cha mbele saa kumi na tano, halafu shangazi anauliza umechokea nini.

Na hiyo nane usiizoee. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa zao mbele, tofauti inabaki saba. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanazirudisha. Huku kwetu hakuna anayegusa saa ya mtu.

Kisha kuna wa vikokotoo vya mtandaoni. Kilomita kama 11,840, gawa kwa 900, saa kumi na tatu na kidogo, basi wameshinda! Kikokotoo kinajua nini kuhusu foleni ya ndege chini, au kuzungushwa angani kusubiri zamu ya kutua JFK, uwanja wa New York? Na upepo je? Kule juu, kilomita kumi hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Kwenda unakupiga usoni, kurudi unakusukuma mgongoni, ndiyo maana kurudi hupungua kama saa nzima.

Mwingine kaweka rula kwenye ramani ya ukutani, anamlaumu rubani kwa kupinda kaskazini. Chukua tufe la dunia, mzee, uvute uzi Nairobi hadi New York: utakata Sahara na kutokea baharini upande wa Morocco. Ramani ndiyo imekudanganya.

"Mbona iondoke usiku?" JKIA, uwanja wa Nairobi ulioko Embakasi, iko mita 1,600 na ushei juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Ndege iliyojaa mafuta ya saa kumi na tano inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka, la sivyo ipunguziwe uzito. Baridi ya usiku inasaidia. Hiyo ya mchana mnayoililia huenda ingeacha masanduku yenu ya unga Embakasi.

Ila wanaonimaliza ni wanaounganisha kwenda Dallas wakajipa saa moja. Saa moja! JFK ndiko unakoingia Marekani: foleni ya pasipoti, sanduku ulichukue mwenyewe, upite forodha, ulikabidhi tena, pengine upande treni kwenda jengo jingine, kisha ukaguliwe upya. Acha saa tatu, nne ukiweza. Na shemeji anayekuja kukupokea asubiri ndege itue ndipo aondoke kwake, maana maegesho ya pale yanalipiwa na hayajui undugu.