Daladala haikuchorwa ofisini

Simama kituo cha Makumbusho saa kumi na mbili jioni, utasikia neno moja tu midomoni mwa watu: fujo. Mpiga debe anagonga bodi la gari, konda ananing'inia mlangoni na noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole. Ndiyo maana kila mpango mpya wa usafiri Dar es Salaam huanza kana kwamba hapakuwa na kitu.

Kitu kilikuwepo. Miaka ya 1970 jiji zima liliachiwa shirika moja la umma, UDA, na mabasi yakawa hayatoshi. Wenye magari wakaanza kubeba abiria kinyemela kwa shilingi 5, sarafu iliyoitwa dala mitaani, na jina likazaliwa hapo. Serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, ilibariki mtoto aliyekwisha kutembea.

Na mtoto huyo ana sheria zake. Kubwa ni hesabu. Jioni tajiri, yaani mwenye gari, anataka kiasi walichokubaliana asubuhi. Kinachobaki baada ya mafuta ni cha dereva na konda. Basi lisipotembea, wa kwanza kulala njaa ni wao, kwa hiyo litatembea, mvua au jua. Dereva akichoka, deiwaka, dereva wa kushikiza, anashika usukani kwa tripu mbili tatu na kuondoka na chochote. Bima hiyo haina fomu, na gari halilali.

Hesabu hiyohiyo, lakini, ndiyo inayomfanya dereva asingoje taa, akatishe ruti Ubungo na kuwashusha watu njiani, na ndiyo inayomfanya konda amzuie mwanafunzi mlangoni, kwa kuwa nauli yake ni ndogo. Wengi huita tabia mbaya. Mimi naona kanuni inayofanya kazi vizuri mno kwa upande mmoja. Ukimtukana konda na kuiacha hesabu kama ilivyo, kesho utamkuta konda mwingine mlangoni, mwenye maneno yaleyale.

Wapenda mipango wana hoja, tena nzito. Hakuna tajiri wa daladala ambaye angejenga njia maalumu ya mabasi. Mwendokasi, iliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ilihitaji serikali, mikopo na ramani. Hata mistari ya rangi ubavuni mwa daladala, inayomwonyesha abiria gari linakokwenda, iliamriwa na mamlaka, haikuota yenyewe.

Ila daladala zilipoondolewa Barabara ya Morogoro, ziliondoka na yule mtu ambaye basi lisipokuja, yeye ndiye anayepata hasara usiku huohuo. Nafasi yake ilichukuliwa na dereva wa mshahara, ambaye basi likiharibika mwisho wa mwezi wake haubadiliki. Foleni ya Kimara asubuhi watu huizungumza kama uhaba wa mabasi tu. Uhaba upo, lakini nani pale kituoni anaumia mfukoni abiria wakingoja saa nzima?

Wiki iliyopita nilimwona mwanafunzi mmoja akipenya chini ya mkono wa konda aliyekuwa akifoka, "Wanafunzi wawili tu!" Alisimama akiyumba na begi lake. Mama aliyekaa dirishani, asiyemjua, akanyoosha mkono: "Lete begi mwanangu, nikupakatie." Konda akapita akidai nauli, akalikwepa begi lisidondoke.