Mwenyeji, usinipeleke kwenye mnara

Mtu akipokelewa ugenini huulizwa, hata kabla hajatua begi: "Unataka kuona nini?" Ni swali la ukarimu, ila halijibiki. Mgeni asiyeujua mji atajuaje cha kutaka? Atataja mnara aliouona kwenye picha, au jumba la makumbusho, na mwenyeji kwa heshima atampeleka huko huko, wakapange foleni na wageni wengine waliotaja mnara ule ule. Jioni inapoingia, mgeni ameona alichokwisha kukiona kwenye simu, na mwenyeji amemaliza siku yake ya mapumziko mahali ambapo kwa hiari yake asingekanyaga.

Sina ugomvi na minara. Ninachosema ni kwamba mnara haumhitaji mwenyeji. Una vibao, una saa za kufungua, una mtu wa kukata tiketi. Ukitaka, utaufikia peke yako. Kitu ambacho ramani haina ni njia za mwenyeji mwenyewe: kituo anachoteremkia, kinyozi wake, uchochoro anaoupita akichelewa, upande wa barabara anaotembea saa za jua kali na sababu ya kuuchagua. Kwa hiyo siku hizi nikiulizwa nataka kuona nini, nami huuliza: "Kwani wewe kesho una shughuli gani?"

Wengi hucheka. Halafu wanaanza kuomba radhi: lazima wapite kwa fundi viatu, kuna fomu ya kupeleka ofisini, kuna shangazi anaumwa anayehitaji kujuliwa hali. Hapo ndipo roho yangu hutulia, maana ziara imeshapatikana. Nusu saa kwa fundi viatu itanifunza mambo ambayo hayamo kwenye maelezo ya jumba lolote: watu wa pale wanasalimiana vipi wakiwa na haraka, foleni inaheshimiwa au inazungukwa, mteja akilalamika analalamika kwa sauti au kwa utani. Na kwa shangazi nitakaa kimya, nitapewa kiti kizuri kuliko ninavyostahili, na nitasikia mji ulivyokuwa kabla barabara kubwa haijapasua mtaa. Bibi wa miaka themanini ni makumbusho yanayojibu maswali, tena yanakuuliza na wewe kwenu ni wapi na mbona huna watoto.

Mwenyeji kumtembeza mgeni akiwa katika shughuli zake si jambo jipya. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta utaratibu ambao naupenda kila nikiukumbuka. Meli ikitia nanga, vijana wa mji waliiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Mfanyabiashara yule akishuka, anafikia kwa kijana huyo tu. Mwenyeji ndiye anayeuza bidhaa za mgeni kwa niaba yake na kumnunulia anachotaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji akiwa hayupo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili.

Utaona kwamba ukarimu ule ulikuwa na kazi. Mwenyeji alikuwa ulimi wa mgeni, dalali wake na mdhamini wake, na bila shaka naye alipata chake. Sioni aibu katika hilo. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na hadi leo ukitembea na mtu wa mji weupe huo unafifia kidogo. Bei inashuka, dereva hazunguki njia ndefu, na yule kijana anayekufuata na vinyago anamtazama mwenzako usoni kisha anageuka.

Lakini kuna kifungu katika maelezo yale ambacho nakithamini zaidi: mtu aliyekwisha kuja mara nyingi na kuwafahamu wenyeji aliruhusiwa kufikia popote alipotaka. Kwa maneno mengine, kupokelewa kulikuwa hatua ya kwanza tu. Siku ingefika mgeni atembee mwenyewe.

Hapa ndipo wenyeji wengi wazuri wanapoteleza, na wanateleza kwa upendo. Wanakushika mkono toka asubuhi hadi usiku. Wanakuitia teksi, wanakulipia nauli, wanakwambia "wewe nifuate tu." Unawafuata. Baada ya siku kadhaa umefika kila kona, na ukiachwa nje ya lango huwezi kwenda dukani ukarudi. Akili ya anayeongozwa haifanyi kazi sawa na ya anayetafuta njia. Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji, alichapisha mwaka 1970 utafiti alioufanya Ciudad Guayana nchini Venezuela, ambako wakazi waliombwa kuchora ramani ya mji wao. Waliozoea kupanda basi tu mara nyingi walitoa vipande visivyoungana, ilhali waliozoea kuendesha gari walichora mji ulioshikamana zaidi. Hao ni wakazi. Sasa mfikirie mgeni anayechungulia dirishani huku mwenyeji akimsimulia habari za binamu yake.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Kwenda, mwenyeji aongoze. Kurudi, mgeni atangulie. Mwenyeji abaki nyuma hatua mbili, afunge mdomo (hili ndilo gumu), amwache akosee kona, na asimwokoe mpaka aombe. Jaribuni. Mgeni ataanza kutazama vitu ambavyo wakati wa kwenda hakuviona: mti ulioinama, duka lenye mlango wa bluu, mteremko. Kwa kufanya hivyo mara chache tu, mji unaanza kujipanga kichwani, na kesho yake mwenyeji anaweza kwenda kazini bila wasiwasi kwamba amemfungia mtu ndani.

Wapo waliolifanya hili la kutembezana kuwa jambo la kupangwa. Mwaka 1992 mkazi wa New York, Lynn Brooks, alianzisha mpango wa wakazi kujitolea kuwatembeza wageni katika mitaa yao bila malipo, na miji mingi duniani ikaiga. Nguvu ya wazo lile, kwa maoni yangu, ni kwamba anayekupokea anakupeleka kwenye mtaa anaoupenda yeye. Hajifanyi mwanahistoria. Asichokijua anasema sikijui, na mnacheka, mnaendelea.

Udhaifu wake nao uko hapo hapo. Kila mwenyeji ana mji wake, na mji wake una mipaka. Utamsikia akinyoosha kidole upande wa pili wa reli na kusema, "Huko hakuna kitu." Sentensi hiyo huniamsha masikio. Wakati mwingine maana yake ni hatari ya kweli, na mgeni mwenye busara hutii bila kubishana. Wakati mwingine maana yake ni kwamba huko wanakaa watu ambao mwenyeji wangu hajawahi kunywa nao chai. Kutofautisha hayo mawili si rahisi kwa mtu aliyefika juzi, na ndiyo maana nikipata nafasi huomba nitembezwe na mtu wa pili asiyefanana na wa kwanza kwa umri wala kwa kipato. Watoto, kwa mfano, ni viongozi hodari mno. Wanajua mbwa gani anauma na ukuta gani una tundu, na hawana haja ya kuulinda mji wao usionekane vibaya.

Halafu kuna suala la muda na pesa, ambalo kwa haya zetu hatulisemi. Mgeni asiyetaja siku ya kuondoka anamweka mwenyeji katika mateso ya kimya. Servas, mtandao wa wasafiri na wenyeji ulioanzia Denmark mwaka 1949 kwa nia ya kujenga amani, umezoea mgeni kulala siku mbili kwa mwenyeji, na sisi tulishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninapokaa zaidi huliomba jembe mwenyewe mapema: vyombo, maji, kumpeleka mtoto shule. Nauli za matembezi nazo alipe mgeni, hata kwa kuvutana kidogo mbele ya kondakta, kwa sababu mwenyeji anayekuzungusha wiki nzima huenda anakula akiba ya kodi na hatakwambia kamwe. Akikataa pesa mkononi, nunua kitu cha jikoni ambacho umeona kinakaribia kuisha, ukiweke mahali pake, usitangaze.