Kitunguu Kina Cheti, Mkalimani Hana

Asubuhi ile pale Namanga nilisimama nyuma ya mama mmoja mwenye magunia matatu ya vitunguu. Akaulizwa thamani ya mzigo, akatoa karatasi yake, ikagongwa muhuri, vijana wa mkokoteni wakavuta magunia kuelekea upande wa Kenya. Hata dakika kumi hazikufika. Ndio utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: mzigo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unapata cheti cha uasili, yaani cha kuthibitisha umetoka nchi ya Jumuiya, pale pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Ilipofika zamu yangu nilikuwa na begi la nguo, kompyuta na kamusi mbili. Afisa akauliza kama nina kitu cha kulipia ushuru. Nikamwambia sina. Bidhaa yangu mimi ni maneno, na nilikuwa nimeyabeba kichwani.

Mimi ni mkalimani, naishi Sakina, Arusha. Arusha ni mji wa mikutano, kwa hiyo kazi za hapa nyumbani zipo, lakini tangu SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikifanye Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Umoja wa Afrika nao ukakipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, simu za kutuita nje zimeongezeka. Hii ya Nairobi ilikuwa ya siku 3, dola 400 kwa siku. Nikapiga hesabu ya 1,200 na nikaitumia kichwani kabla haijaingia, kosa ambalo kila anayejitegemea analijua. Zikaingia 1,020.

Nilidhani ni benki. Nikampigia mhasibu wa walionialika, kijana mpole sana. "Dadangu, hiyo ni kodi ya zuio, anayelipa anaikata kabla hajakutumia pesa. Nyinyi wa Afrika Mashariki ni asilimia 15. Angekuwa mtu wa mbali ingekuwa 20." Alivyolisema utadhani ananipa zawadi. Nikamwomba cheti cha kodi hiyo. Akasema nitakipata wiki hiyo hiyo. Nilisubiri miezi minane.

Sasa, kukatwa kwenyewe sina ugomvi nako. Kazi nimeifanyia Nairobi, maji na umeme wa ukumbi ule ni wa Nairobi, Kenya ichukue chake. Ugomvi wangu uko nyumbani. Sheria yetu ya kodi ya mapato inamtoza mkazi kwa mapato yake ya dunia nzima, na hapo ndipo wenzangu wengi wanapojidanganya. Binamu yangu wa Njiro anaandika programu kwa ajili ya kampuni ya Marekani bila kutoka sebuleni kwake. Kwa miaka mitatu aliamini kwamba kwa kuwa alijaza fomu ya W-8BEN na Wamarekani hawamkati kitu, basi hana deni popote. Fomu ile inawaambia Wamarekani tu kwamba yeye si mtu wao, na kwa kuwa kazi anaifanyia Njiro, hawana cha kukata. Mamlaka yetu ya Mapato, TRA, haijamsamehe. Nilipomwambia alininunia wiki nzima.

Na wale wanaohesabu siku 183 kwenye kalenda wasome sheria mpaka mwisho. Kuwepo nchini siku 183 ni njia moja tu ya kuwa mkazi. Nyingine inasema: ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania, na ukawepo nchini sehemu yoyote ya mwaka ule, wewe ni mkazi. Sehemu yoyote. Nawaza ndugu zetu wa Moshi wanaofanya kazi za mkataba Dubai na kwingineko, ambao hata dunia ipinduke lazima Krismasi iwakute Machame au Marangu. Akiingia Desemba 20 akaondoka Januari 5, amekanyaga miaka miwili ya kodi kwa safari moja. Atajitetea kwamba ile nyumba ya kihambani, kwenye shamba la ukoo, si makazi yake ya kudumu? Mchaga gani atatamka hivyo baba yake akisikia?

Turudi kwenye dola zangu 180. Sheria yetu haitaki mtu atozwe mara mbili hivi hivi. Inaruhusu kodi uliyolipa nje ipunguzwe kwenye kodi ya hapa. Lakini punguzo lina ukomo: haliwezi kuzidi wastani wa kodi yako ya Tanzania kwa pato lile. Mtu ambaye faida yake ya mwaka ni shilingi 12,000,000 kodi yake ni 1,536,000, yaani wastani wa asilimia 12.8. Kenya imeshakata 15. Na imekata kwenye malipo ghafi, haikuuliza habari ya nauli, hoteli wala chakula, wakati huku nyumbani gharama hizo zinatolewa kwanza. Kwa hiyo hata mwenye karatasi zote mkononi kuna kiasi kinachopotelea Longido njiani. Anayekula hasara hiyo ni huyu wa kipato cha chini. Anayepata mamilioni mengi wastani wake unapanda mpaka anarudishiwa zote.

Hiyo ni kwa mwenye karatasi. Mimi sikuwa nayo. Juni 30, siku ya mwisho ya ritani, yaani hesabu za kodi za mwaka uliopita, nilikaa mbele ya mshauri wa kodi karibu na Mnara wa Saa, ananiuliza, "Dada, cheti kiko wapi?" Nikamwonyesha barua pepe kumi na moja. Akacheka, akaomba radhi kwa kucheka. Barua pepe hazipunguzi kodi.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoahidi kwamba huduma nazo zitavuka mipaka kwa uhuru, ilianza kutumika Julai 2010. Novemba mwaka huo huo nchi za Jumuiya zikasaini mkataba wa kuzuia kodi mara mbili kati yao. Umesainiwa, haujaanza kufanya kazi, kwa sababu si wote walioukamilisha kwa kuuridhia. Tanzania ina mikataba ya namna hiyo inayofanya kazi na Uswidi, Norwei, Denmaki, Kanada. Na Kenya, ambayo nikipanda gari asubuhi nakula chakula cha mchana ndani yake, hatuna. Halafu makao makuu ya Jumuiya yenyewe yako hapa hapa mjini kwetu. Nayapita nikienda kwa fundi cherehani.

Kama wakubwa waliweza kumtengenezea mwenye vitunguu karatasi moja ya mpakani, wanaweza kumtengenezea mwenye huduma ndogo karatasi moja ya kwenye mfumo. Waweke kiwango, hata hicho hicho cha dola 2,000 kwa kazi moja. Anayelipa asiruhusiwe kukata bila cheti kutoka siku ile ile, na cheti kikitoka Nairobi kionekane kwenye TIN yangu, namba ya mlipakodi, Arusha bila mimi kumbembeleza mhasibu wa mtu. Mifumo ya forodha tayari inapashana habari za malori pale Namanga. Sioni kwa nini lori lijulikane pande zote mbili na mimi nisijulikane.

Nitakubali pia kwamba sisi wenyewe tunachangia. Wengi wetu hatuna hata daftari. Mwezi wa tatu tunatakiwa tupeleke makadirio ya mwaka mzima na kulipa robo ya kwanza, na ukimuuliza mkalimani Machi atapata nini Oktoba, anaangalia dari. Makadirio yanaweza kurekebishwa mwaka ukiendelea, lakini huwezi kurekebisha usichokiandika. Nimeanza kuandika. Kila nauli, kila risiti, hata ile ya kahawa ya Namanga ambayo mshauri wangu amekwisha kuikataa.

Cheti kilifika mwezi wa nane, jina langu limekosewa herufi mbili.

Nimeitwa tena Nairobi mwezi ujao, siku 2, watu wengine. Kwenye rasimu ya mkataba nimeongeza kifungu: cheti cha kodi ya zuio kitolewe pamoja na malipo. Wamejibu kuhusu tarehe, wamejibu kuhusu hoteli, wameuliza kama nakula nyama. Kuhusu kile kifungu bado wako kimya.