Mama mboga si mjinga

Kila bei ya petroli ikipanda, ukiingia mtandaoni unakuta watu wanamcheka mwananchi wa kawaida, eti si mlichagua wenyewe, kuleni jeuri yenu. Hayo maneno yananiudhi sana, na wanaoyasema mara nyingi ni watu wa mshahara mzuri ambao unga ukipanda hata hawajui.

Lakini swali lenyewe, kwa nini maskini wa Kenya walimchagua Ruto, ni la maana, tusilikwepe. Uchaguzi wa urais wa 2022 Raila Odinga alisema akiingia, familia maskini milioni 2 zitapata shilingi 6,000 kila mwezi. Mpinzani wake William Ruto yeye aliahidi mikopo. Sasa kwa hesabu ya karatasi, pesa ya kupewa si inashinda pesa ya kulipa na riba? Na bado Mlima Kenya, pamoja na watu wengi sana wa mkono kwa mdomo, walimpa Ruto kura kwa kishindo, akapita nchi nzima na asilimia 50.49.

Wengine watakwambia ni ukabila na basi. Ukabila upo, na Raila alikuwa amechafuliwa jina huko miaka na miaka, lakini angalia vizuri: mgombea mwenza wa Ruto alikuwa Gachagua wa Nyeri, wa Raila alikuwa Martha Karua wa Kirinyaga, wote wa Mlima Kenya, na Uhuru Kenyatta mwenyewe, mtoto wao na rais aliyekuwa kitini, alikuwa anampigia debe Raila. Wakamkatalia. Kabila peke yake haielezi hiyo.

Mimi naona hivi. Mtu aliyedanganywa mara nyingi haweki ahadi ya pesa kwenye hesabu kabisa. 2013 waliambiwa kila mtoto wa darasa la kwanza atapata laptopu, unakumbuka? Kwa hivyo ukimwambia 6,000 anasikia sifuri, mkopo nao ni sifuri, na ile soo mbili (shilingi 200) anayopewa kwa mkutano ndiyo pesa pekee anayoamini kwa sababu iko mkononi. Pesa zikishatoka kwenye mizani kinabaki nini? Kinabaki nani ananiona mimi ni mtu. Na hapo Ruto aliwashinda wote. Alisimama akataja mama mboga, yule muuza mboga wa mtaani, akataja boda boda, akataja mtu wa wilibaro, akasema hata yeye aliuza kuku kando ya barabara, na upande wa pili kulikuwa na mtoto wa rais wa kwanza, Uhuru, na mtoto wa makamu wa rais wa kwanza, Raila. Mtu anayeamka saa kumi usiku kwenda soko, kazi ambayo watoto wake wanaona aibu kuitaja shuleni, akasikia inasifiwa na mtu anayetaka urais. Ile 6,000 kwa wengi ilisikika kama kuitwa ombaomba. Heshima pia ni kitu mtu anahitaji, usimcheke kwa kuitafuta.

Kinachouma ni kilichofuata. Septemba 13, 2022, siku ile ile ya kuapishwa, Ruto akasema ruzuku ya unga na petroli haiwezekani, na kesho yake petroli Nairobi ikatoka shilingi 159 kwa lita ikafika 179. 2023 VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ikatoka asilimia 8 ikawa 16. Na ushuru wa biashara ndogo ukatoka asilimia 1 ukawa 3, na huo unakatwa kwa mauzo, si faida! Mwenye kibanda anayeuza kama 2,800 kwa siku anafikisha milioni 1 kwa mwaka na anaingia humo, hata kama faida yake ni mia tatu tu. Hakuna mkutano hata mmoja nilisikia hiyo ikielezwa.

Halafu 2024 vijana wakachukua ule mswada wa fedha, wakausoma, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kwa video za dakika moja kwamba mkate utatozwa asilimia 16. Wiki chache tu, mpaka mashambani watu wanajadili vifungu vya ushuru. Watu waliuawa kwenye maandamano ya kuupinga Juni 25, kesho yake Rais akasema hatausaini. Kwa hivyo hesabu wananchi wanaiweza, wakiletewa kwa lugha yao na kabla ya siku ya kura, si baada. Hizo manifesto za uchaguzi wa 2027, za pande zote, nataka zipitishwe kwa mikono ya vijana hao hao, ukurasa kwa ukurasa, tuonyeshwe nani analipa na analipa kiasi gani.