Koilova hazikutengenezwa ili gari ilale chini, jamani

Juzi nilikuwa gereji moja hapa Dar kufuata gari ya shemeji, nikakuta dogo anafungiwa koilova, yaani shokapu na springi vilivyounganishwa na urefu wake unarekebishika, kwenye Subaru Impreza WRX yake, ile ya kizazi cha pili inayoitwa GD, bodi safi, imetunzwa. Na sio za mtumba, zimetoka kwenye boksi, Tein Flex Z za kijani, nikafurahi kabisa kwa niaba yake maana hela inayoingia pale sio ndogo. Halafu nikamuona fundi kashika ile spana ya ndoano anazungusha kola, ile pete ya nyuzi inayobeba springi, anashusha, anashusha, mpaka springi ukiishika kwa mkono inacheza. Kola ya chini, ile ya kwenye braketi ambayo ndo imewekwa kwa ajili ya kupandisha na kushusha gari, hakuigusa kabisa. Dogo kasimama pembeni anasema fundi ongeza kidogo, nataka tairi iingie ndani ya fenda. Nikamwambia mdogo wangu hizo utaziua, akanijibu vizuri tu kwa heshima, "Kaka, si zimetengenezwa zishuke?"

Hapana. Na kinachoniuma ni kwamba hakuna mtu pale gereji aliyemwambia hapana, wote walikuwa wanapiga picha.

Koilova zimetengenezwa ili tairi isiachane na barabara. Zile nyuzi zote kwenye bodi ya shokapu zipo ili utafute urefu ambao shokapu inafanya kazi ikiwa katikati ya mwendo wake, yaani ina nafasi ya kubonyea ukipanda kitu na ina nafasi ya kunyooka ukiingia shimo. Hiyo nafasi ndo kitu ulicholipia. Ukiimaliza kwa kushusha, umebaki na bomba la chuma lililosimama kati ya tairi na bodi.

Tupige hesabu, haichoshi. WRX ya aina ile ina kama kilo 1,400, na mbele ndo nzito kwa sababu ya injini, kwa hiyo kila kona ya mbele inabeba kama kilo 400 hivi. Weka springi ya kilo 4 kwa milimita, yaani kila kilo 4 zinaibonyeza milimita moja, huo mzigo utaibonyeza karibu milimita 100. Weka ya kilo 8 kwa milimita, ambayo kwenye koilova ni kitu cha kawaida, itabonyea milimita 50 tu. Sasa hizo milimita 50 ndo akiba ya tairi kushuka ikikuta shimo, zikiisha tairi inaning'inia hewani na wewe unadhani una gari ya kukata kona. Hapo hujashusha hata uzi mmoja, ni ugumu wa springi peke yake umeshakula nusu ya akiba ya chini. Halafu fundi anakuja kushusha kola ya springi sentimita 5, na hizo sentimita 5 zinatoka moja kwa moja kwenye nafasi ya kubonyea, upande wa juu. Chini imebaki nusu, juu huna. Gari inakaa juu ya ile raba ya stopa kwenye shafti ya shokapu, na kuanzia hapo springi yako ya bei mbaya haifanyi kazi tena, unaendesha raba. Ukiwa mlima Kitonga unashuka, kona ya kulia, katikati ya kona unakuta lami imevimba, raba inagonga, mzigo wote unaruka ghafla kwenye tairi moja ya nje na hiyo tairi inaachia. Hicho ndo kitu nilichokiona kichwani nikiwa nimesimama pale, sio uzuri wa fenda.

Na bado hatujagusa amu, vile vyuma vinavyounganisha tairi na bodi. GD ina stratu mbele na nyuma, yaani shokapu yenyewe ndo inashika tairi upande wa juu, hakuna amu ya juu. Amu ya chini, ile yenye bushi upande wa bodi na boljointi upande wa tairi, kwa urefu wa kiwandani inaelekea chini kidogo ikienda kwenye tairi, na imewekwa hivyo makusudi. Ukishusha gari amu inalala, ukizidisha inaanza kuelekea juu, na hapo mambo yanageuka: ile pointi ambayo bodi inalalia kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wenyewe wa gari unavyoshuka, kwa hiyo gari iliyoshushwa sana inataka kulala zaidi kwenye kona, sio kidogo. Watu wengi hawaamini hili, wanaona springi ngumu inawaficha. Kemba nayo, yaani ulalo wa tairi ukiitazama gari kwa mbele, badala ya kuongezeka upande mzuri tairi ikibonyea, inarudi upande mbaya, na tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi, zinapoteza pembe yake kiasi kwamba ukipanda tuta tairi zinajigeuza zenyewe bila wewe kugusa usukani. Toyota Altezza ina afadhali kwa sababu kila kona ina amu ya juu na ya chini, kemba haiharibiki haraka hivyo, lakini nafasi ya kubonyea ni ileile, shimo halijui una gari gani.

Kuna kitu kingine yule fundi alifanya ambacho kwa mtazamo wangu ni kibaya karibu sawa na kushusha. Flex Z zina hatua 16 za kurekebisha ugumu wa shokapu. Akazikaza zote mpaka mwisho, mbele na nyuma, akasema sasa imekuwa spoti. Sasa piga picha unatoka Chalinze unaelekea Morogoro, umefika kijijini, rasta, yale matuta madogo ya kupunguza mwendo, zimepangwa mfululizo. Rasta ya kwanza tairi inapanda, springi inabonyea, inatakiwa irudi kabla ya rasta ya pili. Shokapu iliyokazwa kupita kiasi hairuhusu irudi kwa wakati, rasta ya pili inakuja ikiwa bado imebonyea, inabonyea tena, ya tatu tena, gari inazidi kuzama kila rasta mpaka inakutana na stopa, halafu dereva anashuka analalamika kwamba koilova ni ngumu hazifai barabara zetu. Zinafaa sana! Rudisha zile hatua kuelekea ulaini, anzia hata katikati, endesha barabara yako ya kila siku, kaza mbili, endesha tena, sikiliza. Gari itakuambia. Gari inayoruka ruka na kukuchosha kiuno haijawa spoti, tairi zake haziko chini na tairi isiyokuwa chini haina breki wala haina kona.

Mwaka 1997 dereva wa rally Colin McRae alishinda Safari Rally pale Kenya na Impreza. Magari ya Safari yalikuwa yananyanyuliwa, saspenshen ina mwendo mrefu, bamba nene chini, na yalikuwa yanakimbia kwenye mawe kuliko wengi wetu tutakavyowahi kukimbia kwenye lami. Sisemi mnyanyue gari za mjini kama za rally. Nasema wale watu walikuwa na uwezo wa kufunga chochote wanachotaka na wakaamua kulipia mwendo wa shokapu, wakaulinda.

Sawa, nakubali, gari ikishuka sentimita 2 au 3 inapendeza, na kwenye lami nzuri inakata kona vizuri zaidi maana uzito umekaa chini. Sina ugomvi na hilo. Lakini shushia kwenye braketi ya chini, sio kwenye kola ya springi, ili pistoni ibaki palepale ilipopangwa kiwandani, halafu geuza usukani mpaka mwisho pande zote na watu wazito wakiwa ndani uone kama tairi inagusa fenda au mpira wa breki. Ile waya ya ABS na mpira wa breki vifungwe kwenye sehemu zake, visining'inie, nimeona mpira umekwanguliwa na rimu mpaka nyuzi za ndani zinaonekana. Bolti za bushi za amu zikazwe gari ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, sio ikiwa juu ya jeki, vinginevyo bushi inakaa imejipinda muda wote na itakatika mapema. Baada ya hapo alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za tairi, siku hiyohiyo au kesho yake, sio "nitapita wiki ijayo", maana ukibadilisha urefu umebadilisha kila pembe na tairi ya mbele itaanza kuliwa ndani bila wewe kuiona. Na tunaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi, Kunduchi, osheni zile nyuzi kwa maji na brashi, pakeni grisi, chumvi ikishakamata kola hakuna spana itakayoitoa.

Za mtumba kutoka Japan sitaki kuziongelea sana. Ukikuta oili imeganda na vumbi kwenye shafti, hiyo sili imekufa, na huku kwetu kupata mtu wa kuifungua na kuijaza upya kwa vipimo vyake ni kazi kweli kweli. Kwa hela hiyohiyo nunua shokapu mpya za KYB za kawaida nne, na bushi mpya, na linki za stabilaiza mpya. WRX yenye vitu hivyo vipya na alaimenti safi itaiacha iliyolala kwenye koilova zilizovuja, kwenye barabara yoyote ile utakayochagua.

Dogo kama unasoma hii, gari yako ni nzuri sana na koilova ulizonunua ni nzuri. Mrudie fundi mwingine, mwambie arudishe kola ya springi mpaka springi isicheze, ashushe kwa kutumia braketi ya chini tu, na zile hatua 16 uzirudishe mwenyewe kwa mkono wako, kinobu cha kuzungusha kiko juu ya shokapu, za mbele ukifungua boneti unakiona.