Nani aamue kuwa mswada umejadiliwa vya kutosha?

Wiki ya mwisho ya Desemba 2021, wabunge wa Kenya waliitwa kutoka likizo ya Krismasi kuhudhuria kikao maalum. Kazi ilikuwa moja: kumaliza Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa, uliodhaminiwa na Kiongozi wa Wengi, Amos Kimunya. Tarehe 29 ngumi zilirushwa ukumbini na mbunge mmoja akatoka akivuja damu. Damu hiyo ndiyo wengi wanayoikumbuka. Chanzo cha vurugu kimesahaulika: rundo la marekebisho yaliyoletwa na wabunge wa mrengo wa Naibu Rais William Ruto, aliyekuwa amekosana na Rais Uhuru Kenyatta, kifungu baada ya kifungu, kila moja likidai mjadala wake na kura yake.

Wafuasi wa handisheki, yaani maridhiano ya 2018 kati ya Uhuru na Raila Odinga, walisema hiyo ni hila ya kupoteza muda, na walikuwa na sababu. Mswada ulikuwa unaanzisha chama cha muungano, na mkataba wa muungano ulipaswa kufika kwa Msajili wa Vyama miezi minne kabla ya uchaguzi wa 9 Agosti 2022. Ungekwama hadi katikati ya Aprili, ungepita ukiwa hauna kazi tena. Mpinzani hakuhitaji kushinda kura hata moja; alihitaji tu kalenda iendelee kusogea.

Upande wa Ruto nao ulisema sheria hii imeshonwa kumfaa mgombea mmoja, Raila, na kwamba asiye na idadi bungeni hana kingine mkononi ila hoja ya kurekebisha. Hili pia si la kupuuza. Sheria ya vyama inagusa namna kila chama kinavyoungana na wengine na kinavyoteua wagombea, na hapa ilikuwa inabadilishwa miezi saba na ushei kabla ya watu kupiga kura. Kuuliza maswali kifungu kwa kifungu ndiyo kazi ya Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati. Mwishowe mswada ulipita Bunge la Kitaifa tarehe 5 Januari 2022, Seneti ikaupitisha mwezi huo huo, Rais Uhuru Kenyatta akautia saini tarehe 27, na Azimio, muungano uliomsimamisha Raila, ukasajiliwa chini yake.

Ugumu wa kuhukumu kisa hiki ni kwamba miaka saba nyuma wahusika walikuwa wamekaa pande tofauti. Tarehe 18 Desemba 2014, Spika akiwa yule yule, Justin Muturi, ni serikali ya Jubilee ya Uhuru na Ruto iliyokuwa na haraka. Al-Shabaab walikuwa wameua abiria 28 wa basi Mandera mwezi Novemba na wachimba mawe 36 mwanzoni mwa Desemba. Mswada wa usalama ulioletwa ulibadilisha sheria zaidi ya 20 kwa pamoja. CORD, muungano wa Raila Odinga, waliimba, wakapiga kelele na kurarua karatasi wakitaka muda wa kuujadili. Mswada ukapita katikati ya zogo hilo na kesho yake ukawa sheria. Waliokuwa wakilia kwamba wamezibwa mdomo mwaka 2014, wengi wao ndio waliotaka mjadala ufungwe mwaka 2021. Na waliokuwa wakisema 2014 kwamba nchi haiwezi kusubiri ndio waliokuja na rundo la marekebisho.

Kwa hiyo swali la nani alikuwa mkweli halitufikishi mbali. Lenye maana ni kanuni ipi ingewafaa wote wawili katika siku zote mbili.

Hoja ya kuweka mipaka ni ya kale na ina uzito. Januari 1881, wabunge wa Ireland wakiongozwa na Charles Stewart Parnell walizungumza kwa zamu katika Bunge la Uingereza kuupinga mswada wa kuipa serikali mamlaka ya kuwazuilia watu Ireland bila kuwashtaki. Kikao kilikwenda saa 41. Asubuhi ya tarehe 2 Februari, Spika Henry Brand aliukata mjadala kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kanuni yoyote iliyomruhusu. Mwaka uliofuata kanuni ya kufunga mjadala ikaandikwa, na mwaka 1887 ikaja gilotini, yaani ratiba inayomaliza mswada saa iliyopangwa hata kama vifungu vimebaki. Mabunge yetu yamerithi mengi kutoka huko. Bunge lisiloweza kufika kwenye kura humnyima kauli mpiga kura aliyewapa wengi ushindi, na hata bajeti haiwezi kupita.

Marekebisho peke yake, bila hotuba ndefu, yanaweza kufanya kazi ile ile. Desemba 1999, chama cha Reform nchini Kanada kiliupinga mkataba wa ardhi na utawala wa watu wa Nisga'a kwa kuwasilisha marekebisho 471. Kupigia kura yote kulichukua takriban saa 42 mfululizo. Mwaka 2001 Bunge hilo likampa Spika maelekezo ya kutochagua marekebisho ya kurudiarudia au ya kuchelewesha tu. Naona walikuwa na haki kufanya hivyo.

Lakini gharama ya kufunga mapema haionekani siku ya kura. Sheria ya usalama ya 2014 ilifikishwa Mahakama Kuu, na tarehe 23 Februari 2015 vifungu vinane vikafutwa kwa kukiuka Katiba. Kimoja kilitaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Kingine kilitishia vyombo vya habari kwa walichochapisha. Vifungu vya namna hiyo ndivyo hoja ya kurekebisha ilivyoundiwa: unasimama, unaonyesha kasoro, unapendekeza maneno mengine. Ukumbi uliokuwa na zogo haukuifanya kazi hiyo kikamilifu, mahakama ikaifanya baada ya miezi miwili.

Tanzania inayo njia yake ya mkato, hati ya dharura, inayoruhusu mswada upite hatua zote katika mkutano mmoja. Julai 2017 sheria tatu za maliasili zilipita Dodoma kwa njia hiyo, ikiwemo iliyoipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za madini. Lengo lilipendwa na wananchi wengi, mimi nikiwemo. Hata hivyo sheria inayogusa mikataba ya miaka mingi ndiyo hasa inayostahili kusomwa polepole.

Msimamo wangu ni huu: muda wa kuzungumza uwekewe mipaka, lakini pendekezo la maana lisinyimwe kura. Ratiba ya mswada itangazwe kabla ya hatua ya kamati kuanza, isibuniwe usiku wapinzani wakiwa tayari wamesimama. Marekebisho yanayofanana yaunganishwe kuwa hoja moja. Spika akiyakataa mengine kwa kuwa yanarudia, aandike sababu na zichapishwe. Halafu upande wa wachache uchague wenyewe yapi kati ya yao ni lazima yahesabiwe kura kwa majina, ndani ya idadi inayojulikana tangu mwanzo. Pendekezo lililoshindwa kwa kura lina faida kubwa kuliko lililofukiwa, kwa sababu mbunge wako hawezi kukana alivyopiga.

Atakayenipinga atasema idadi hiyo itapangwa na wengi hao hao, nao wataipunja. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana wakati wa kuiandika ni muhimu kuliko idadi yenyewe. Tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106 huku waandamanaji wakiwa wamelizingira Bunge la Kenya, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Safari hiyo mrengo wake ndio uliokuwa na idadi, ule ule uliokuwa ukitegemea marekebisho miaka miwili na nusu awali.

Kanuni za Kudumu za Bunge la Kenya hupitiwa upya kabla muhula wa Bunge kwisha, na uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kamati ya Kanuni, ambayo Spika mwenyewe ni mwenyekiti wake, inapaswa kuleta mapendekezo haya ukumbini sasa, wakati ambapo hakuna mbunge anayejua atakaa upande gani baada ya siku hiyo.