Huyu panya amenichosha

Nikizima taa tu anaanza: kwaru, kwaru, nyuma ya kabati. Nikiwasha, kimya. Mtego nimeutega, chambo kimeliwa chote na mtego haujafyatuka! Inaudhi kweli. Mfuko wa unga umetobolewa pembeni, na mavi yake meusi, madogo kama punje za mchele, yametapakaa hadi kwenye droo ya vijiko. Hapo ndipo hasira inaponipanda, maana mkojo na kinyesi cha panya huleta maradhi. Tena kapanya kadogo hupenya kwenye tundu la milimita 6 tu, sasa utaziba mangapi? Anapita kandokando ya ukuta, katikati ya chumba hakatizi. Basi leo mtego unahamia huko huko ukutani. Sumu siweki, akifia darini, nani atavumilia ule uvundo?